Mayai ya kenge kwenye kichuguu cha mjomba

Mwezi wa tisa mwaka jana, shule zilipofungwa kwa likizo fupi, nilipanda basi la Ifakara kwenda kumsaidia mjomba wangu kufyatua tofali. Mjomba ana miaka sitini na ushee, na muda wote ninaomfahamu amelala kwenye nyumba ya miti na udongo. Safari hii alikuwa ameamua: nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu na sebule, bati juu. Udongo alikuwa nao nyuma ya nyumba. Ni kichuguu kirefu kuliko mimi nikisimama, kipana kama chumba, ambacho kilikuwepo tangu mama yangu akiwa msichana.

Watu wa Bonde la Kilombero hawahitaji kuelezwa kwa nini kichuguu. Mchwa hupandisha udongo laini kutoka chini, huulowesha kwa mate, huupanga punje kwa punje. Udongo huo unanata, na ukikauka haupasuki ovyo. Tofali zake zikichomwa kwa pumba za mpunga hutoka nyekundu, ukizigonganisha zinalia. Ndiyo maana ukipita vijijini siku hizi utaona vichuguu vimekatwa ubavu, vingine vimeisha kabisa, pamebaki shimo ambalo masika linajaa maji na watoto wanaogelea humo.

Siku ya tatu ya kazi nilikuwa nachota maji nikasikia fundi anapiga kelele, "Mayai ya nyoka!" Nilipofika, mwenzake alishanyanyua chepeo. Sululu ilikuwa imefungua upande wa kichuguu, na ndani, kina cha mkono mzima kutoka nje, kulikuwa na chumba kidogo chenye joto. Nasema joto kwa sababu niliingiza mkono. Lilikuwa joto la unyevunyevu, kama la mdomo wa mtu. Mayai yalikuwa yamelundikana humo, meupe, marefu kuliko ya kuku, ganda lake laini kama ngozi. Ukiligusa linabonyea kidogo halafu linarudi.

Sululu ilikuwa imepasua baadhi. Kwenye yai moja lililopasuka alikuwamo mtoto karibu kukamilika, amejikunja, mkia umezunguka kichwa. Mwili mweusi, mgongoni ana madoa ya njano yaliyojipanga mistari mistari kama shanga zilizotungwa na mtu mwenye subira. Alikuwa na kucha tayari. Alitikisika mara mbili mkononi mwangu.

"Kenge hao," alisema mjomba kutoka kivulini, bila kuinuka. "Maliza."

Nikamwambia fundi asubiri.

*

Inabidi nirudi nyuma, maana kusita kwangu pale kulikuwa na deni la zaidi ya miaka ishirini na mitano.

Nilikuwa na miaka kumi, nimeletwa kwa babu likizo ya mwezi wa sita. Babu alikuwa mvuvi, alikuwa na mtumbwi wake na migono yake aliyoisuka mwenyewe. Asubuhi moja mimi na binamu zangu tulikwenda kuitazama migono iliyotegwa kwenye mfereji kando ya mashamba ya mpunga, tukamkuta kenge ameingia kwenye mgono mmoja kufuata samaki na ameshindwa kutoka. Alikuwa mkubwa, urefu wake na mkia ulinipita mimi. Tulipouvuta mgono ukingoni alivimbisha shingo, akafoka kwa sauti ile ya tairi linalotoa upepo, na mkia ukapita kwenye upenyo ukamchapa binamu yangu mguuni, akaruka.

Tulimtoa kwa kuvunja mgono, kosa ambalo peke yake lingetosha kutupatia viboko. Kisha tukampiga. Walikuwepo watoto sita, kila mmoja na fimbo yake. Na hapo mmoja wetu akakumbuka ule msemo ambao watu wazima walituambia kila siku tulipokaidi: kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Akasema, "Mpigeni kichwani, tuone kama ni kweli."

Tukampiga kichwani. Ilikuwa kweli. Damu ilitoka puani, mdomoni, na kwenye yale matundu mawili nyuma ya macho. Tulikimbia nyumbani kwa furaha kumweleza babu kwamba tumeuona msemo kwa macho yetu.

Babu alikuwa anashona wavu. Aliuliza, "Mmemla?"

Hapana.

"Mmemchuna?"

Hapana.

"Sasa mmemuulia nini?"

Hakutuchapa. Aliendelea kushona wavu, na mpaka jioni hakutusemesha. Mimi ningependelea viboko.

Sasa nafundisha baiolojia sekondari, na kila mwaka nikifika kwenye mada ya reptilia lazima nitaje kenge, na kila mwaka darasa zima hucheka. Wanacheka kwa sababu kwao kenge si mnyama, ni tusi. "We kenge!" anaambiwa mtoto aliyemwaga maji, kondakta aliyezidisha nauli, refa, jirani. Mwalimu mwenzangu aliwahi kumwita mwanafunzi hivyo mbele yangu, na mwanafunzi akainamisha kichwa kama aliyepigwa. Nimewahi kujiuliza ni mnyama gani mwingine katika Kiswahili aliyebebeshwa mzigo wa namna hiyo. Fisi ni mlafi, punda ni mjinga, nyoka ni msaliti, lakini wote hao wana hadithi zinazowaeleza. Kenge ana tusi tupu. Hata wanaomtukania wengi wao hawajawahi kumtazama kwa dakika moja.

Masikio anayo, tena yanaonekana. Ni matundu wazi, moja kila upande wa kichwa. Ila anaijua dunia zaidi kwa ulimi. Ulimi wake umegawanyika ncha mbili kama wa nyoka, anautoa nje, unaokota harufu hewani na ardhini, anaurudisha na kuipeleka harufu kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa. Kwa kuwa ncha ni mbili, anajua harufu imezidi upande gani. Yule aliyeingia kwenye mgono wa babu aliwafuata samaki kwa njia hiyo.

*

Wanafunzi huniuliza pia kama kenge ni mtoto wa mamba, au mamba mdogo ambaye hakukua. Nawaelewa. Anakaa majini, ana magamba, ana mkia, na methali yetu imewaweka pamoja: katika msafara wa mamba na kenge wamo. Tunaitumia kwa watu wadogo waliojipenyeza kati ya wakubwa, wapambe, wanaotaka kuonekana.

Kwa ukoo wao hawa wawili wako mbali sana. Mamba yuko karibu zaidi na kuku kuliko na kenge, na kenge yuko karibu zaidi na nyoka kuliko na mamba. Jina la kitaalamu la jamii yake, Varanus, limetokana na neno la Kiarabu, waral, ambalo Waarabu wanamwitia mnyama huyohuyo. Wetu wa majini ni Varanus niloticus, kenge wa Mto Nile, mjusi mkubwa kuliko wote barani Afrika, anayeweza kupita mita mbili kutoka pua hadi ncha ya mkia. Yupo na wa nchi kavu, ambaye wengi wetu tunamwita burukenge, mwenye shingo nene na kichwa butu, anayeonekana mbali na maji, juu ya miti na kwenye mapango ya mawe. Kwa wengi majina haya mawili yamechanganyika, na kwenye matusi yote mawili yanafanya kazi.

Lakini methali haikukosea kusema kenge wamo. Wamo kwa sababu ya mayai. Mwingereza Hugh Cott, aliyewachunguza mamba wa Uganda na kuchapisha kazi yake mwaka 1961, aliwataja kenge kuwa miongoni mwa waharibifu wakubwa wa viota vya mamba. Mamba jike anataga mchangani, anakaa jirani kulinda, akisogea tu kwenda majini kupoza mwili kenge anafukua. Wavuvi wa Kilombero wanaijua habari hiyo kabla ya kitabu chochote. Babu alikuwa akisema kwamba bila kenge, mtumbwi usingepata pa kupita. Kwa hiyo kenge wa methali si mpambe wa mamba. Ndiye anayempunguza.

Na hali mayai tu. Kaa, konokono, vyura, samaki, panya, mizoga, vyote anakula. Meno yake hubadilika na umri, jambo ambalo wanafunzi wangu hulipenda sana. Akiwa mdogo meno ni makali, membamba, ya kukamata wadudu na vyura. Akizeeka, ya nyuma yanakuwa butu na mapana, ya kusagia konokono na kaa. Anayeishi pembezoni mwa shamba la mpunga anakula konokono na panya wa shamba hilo mchana kutwa bila mshahara.

Kuku je? Ndiyo, anakula. Sitaki kumsafisha kuliko alivyo. Mke wa mjomba alipoteza vifaranga wanane kwa wiki moja, na mayai yasiyo na idadi. Kwa mwanamke ambaye kuku ndiye benki yake, ndiye ada ya shule na ndiye dawa, vifaranga wanane si mzaha. Aliponisikia nikimtetea kenge jioni ile alinitazama nikatamani ningenyamaza. Alisema, "Mwalimu, wewe unakula mshahara. Mimi nakula mayai." Sikuwa na jibu la kumpa siku hiyo.

*

Mahali pekee nilipowahi kumtazama kenge kwa utulivu ni kisiwa cha Saanane, pale Mwanza, dakika chache kwa boti kutoka mjini. Ni hifadhi ndogo mno, ilipewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2013, na mawe yake yamejaa pimbi, mijusi na kenge. Nilikuwa nimepeleka wanafunzi. Wao walikwenda kumtafuta simba wa kwenye banda, mimi nikabaki ufukweni kwa sababu kwenye jiwe tambarare alikuwapo kenge ameanika mwili.

Hakunikimbia. Nilijisogeza kidogo kidogo mpaka kati yetu pakabaki hatua nne au tano. Alikuwa amejibanika juani, amepanua mbavu zikawa bapa ili apate joto zaidi, miguu ya nyuma ameinyoosha kama mtu aliyelala kifudifudi baada ya kazi. Kidevu kimelala juu ya jiwe. Ngozi ya shingoni ilikuwa ikipanda na kushuka taratibu. Rangi ya mgongo, ambayo kwa mbali huonekana kama matope, kwa karibu ilikuwa ya kijani cheusi yenye vidoa vya njano vilivyofifia, vilevile ambavyo ningekuja kuviona kwa yule mtoto wa kichuguuni vikiwa vipya. Kila baada ya muda ulimi ulitoka, ukapapasa hewa upande wangu, ukarudi. Alikuwa ananisoma. Baada ya nusu saa hivi aliinuka, akatembea bila haraka, akaingia ziwani, na miguu ikabanwa ubavuni, mkia peke yake ukafanya kazi yote. Maji hayakupiga hata kelele.

Hakunikimbia kwa sababu pale hakuna mtu aliyewahi kumrushia jiwe. Jambo hilo lilinikaa kooni safari nzima ya kurudi Morogoro.

*

Kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopima hatari ya viumbe kutoweka, kenge wetu yuko kwenye daraja la wanyama ambao hali yao haitii wasiwasi mkubwa. Anaishi kutoka Misri hadi Afrika Kusini, popote penye maji, na kwa hesabu ya bara zima bado ni wengi. Ndugu yake mkubwa wa visiwani Indonesia, joka wa Komodo, alikaa miaka mingi kwenye daraja la wanaoelekea hatarini, na mwezi wa tisa 2021 akasogezwa mbele, akaingia kwenye daraja la walio hatarini kutoweka. Makadirio ni kwamba joto la dunia na kupanda kwa bahari vitapunguza makazi yanayomfaa kwa asilimia 30 au zaidi katika miaka 45. Dunia nzima ilitangaza. Nilifurahi kwamba ilitangaza. Komodo anastahili.

Lakini ile hali nzuri ya kenge wetu kwenye orodha hainipi usingizi. Orodha inatazama bara zima kwa mara moja, na mnyama anaweza kuwa salama barani huku amekwisha kwenye mto wako. Siku zile za Ifakara niliketi kingo za mfereji uleule tuliomuulia yule mwenzake, jioni tatu mfululizo, na sikumwona hata mmoja. Zamani hukukaa pale bila kusikia mmoja akijitupa majini, pwaa. Mjomba anasema hata vyura wamepungua. Mapori ya ukingoni yamelimwa mpaka kwenye maji.

Biashara nayo ilimkamua. Miaka ya 1980 ngozi za kenge wa Nile zilitoka Afrika kwa mamia ya maelfu kila mwaka, zaidi kutoka nchi za magharibi na kati ya bara na Sudan, kwenda kuwa mikanda ya saa, viatu na pochi. CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umemweka kwenye Kiambatisho cha Pili, maana yake asiuzwe nje bila kibali. Watoto wake wazuri wenye shanga za njano walisafirishwa pia wakiwa hai, wakafugwe majumbani Marekani. Wengine walitoroka au waliachiwa, na tangu mwaka 1990 wamekuwa wakionekana Cape Coral, Florida, ambako wamezaana mpaka wakawa kero, wanakula bundi wadogo wanaoishi kwenye mashimo. Tanzania ilisitisha kupeleka nje wanyamapori hai mwaka 2016. Mimi niliunga mkono na bado naunga mkono.

Halafu kuna ngoma. Hapa moyo wangu umegawanyika kwa kweli. Ngoma ndefu ya Waganda, engalabi, kwa asili huwambwa ngozi ya kenge. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega nayo ni hivyohivyo, na ukiisikia mara moja kwenye harusi au msiba utajua kwa nini wahenga hawakuridhika na ngozi ya mbuzi. Ngozi ya kenge ni nyembamba, ngumu, sauti yake ni kali na kavu, inafika mbali. Mwaka 2014 UNESCO iliiandikisha ngoma ya isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Nilipoisoma habari hiyo nilishangilia, kisha nikamkumbuka mwenye ngozi. Ngoma imeandikishwa, yeye hajaandikishwa. Na bila yeye, sauti ile itabaki kwenye rekodi. Nadhani wapiga isukuti wenyewe wanaweza kuwa walinzi wake wazuri kuliko ofisa yeyote, kwa sababu wao ndio watu pekee ninaowajua ambao wakisikia neno kenge wanafikiria kitu kizuri.

*

Ila kwa bonde letu si ngoma wala pochi. Ni tofali.

Hili sikulijua mpaka siku ile ya sululu, mimi mwalimu wa baiolojia. Nilikuwa nimesoma kwamba kenge hutaga kwenye kichuguu. Nimeliandika ubaoni. Lakini nilikuwa sijaviweka pamoja: kichuguu kinachotoa tofali bora ndicho kichuguu kilicho hai, kikubwa, chenye mchwa, na hichohicho ndicho anachokitafuta kenge.

Anavizia mvua. Kiangazi kichuguu ni jiwe, hata kucha zake haziwezi. Mvua zikikilainisha jike anakuja, anafukua ubavuni mpaka anafika ndani, anataga mayai ishirini, thelathini, wengine mpaka sitini, kisha anaondoka. Hazibi tundu sana. Hana haja. Mchwa hawavumilii nyumba yao kuwa wazi, upepo ukiingia unyevu unatoka na kila kitu chao kinakufa, kwa hiyo wanakimbilia pale na kuziba kwa udongo na mate yao. Mayai yanabaki ndani ya ukuta, gizani, kwenye joto lisilobadilika sana mchana na usiku, mbwa na nguruwe na kenge wengine hawayafikii. Mchwa wenyewe hawayagusi. Inapita miezi sita, minane, wakati mwingine zaidi. Watoto wanaanguliwa na bado hawawezi kutoka, kwa sababu ukuta umekuwa jiwe tena. Wanangoja mvua. Mvua ikilainisha ukuta, wanaufukua kutoka ndani wao wote pamoja, wanatoka.

Sasa kalenda yetu. Tofali zinafyatuliwa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, kwa sababu mvua ikizikuta mbichi zinayeyuka. Ni miezi ileile ambayo mayai yamo ukutani. Kila kichuguu kinachovunjwa bondeni kipindi hicho kinaweza kuwa na uzazi mzima wa mwaka wa jike mmoja. Hakuna anayehesabu. Hakuna hata anayemchukia kenge wakati wa kufanya hivyo. Mtu anajenga nyumba yake, na ana haki ya kulala pakavu.

*

"Mjomba," nilimwambia siku ile, "umebakiza tofali ngapi?"

Alikuwa anahitaji elfu nne. Zilikuwa zimefyatuliwa elfu mbili na mia nane. Nikamwambia nitalipia tripu mbili za trekta, udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni, tukachanganye na huu uliokwisha kuchimbwa. Upande uliobaki wa kichuguu tuuache mpaka mvua zipite.

Alikaa kimya. Ni mtu wa kukaa kimya kama baba yake. Mafundi walikuwa wanacheka, mmoja ananiita mganga. Mwishowe mjomba alinyanyuka, akaja, akachungulia ndani ya lile tundu kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akasema, "Marehemu baba angekuwepo angekuunga mkono. Alikuwa ana mambo yake na hawa." Basi. Hakusema zaidi.

Mayai mazima yalikuwa ishirini na matano. Yaliyovunjika tisa. Niliwakataza watu wasiyashike, kwa sababu yai la mjusi si la kuku, halina budi kukaa upande lilivyotagwa. Mtoto keshajishikiza ndani, ukiligeuza unaweza kumuua. Nililoweka udongo wa kichuguu kilekile, nikaziba tundu kwa mikono, taratibu, tabaka baada ya tabaka, nikaacha nafasi ndogo juu ya mayai kama nilivyolikuta. Yule mdogo aliyetikisika mkononi alikuwa amekufa kabla sijamaliza. Nilimzika hapohapo mguuni mwa kichuguu.

Kesho yake asubuhi kabla ya chai nilikwenda kutazama. Alama za vidole vyangu zilikuwa hazipo. Usiku ule mchwa walikuwa wamepita juu yake na kuweka udongo wao, mbichi, wenye rangi nzito zaidi, wa vidonge vidogo vidogo. Nilimwita mjomba aje aone. Alikuja na mswaki mdomoni.

Mwezi wa kumi tanuru lilichomwa. Mwezi wa kumi na moja walipandisha kuta mpaka linta. Nilikuwa nikipiga simu kila Jumapili, naamkia, nauliza habari za nyumba, na mjomba kila mara alinijibu habari za nyumba tu, mpaka mimi mwenyewe nianze. Na kichuguu? "Kipo. Kimekaa tu."

Mvua kubwa iliwafikia katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Siku nne baadaye simu yangu iliita saa kumi na mbili na robo asubuhi, nikashtuka, maana saa hiyo simu ya kutoka kijijini huwa ni ya msiba. Alikuwa mjomba. Alisema anasimama nyuma ya nyumba. Kichuguuni kuna tundu, halijafukuliwa kutoka nje. Udongo umesukumwa kutoka ndani, umemwagika chini kama unga. Kipenyo chake kidole gumba kinapita kwa shida. Na kwenye matope chini yake kuna alama, nyingi, za vijiguu, na katikati ya kila njia kuna mstari mwembamba ulioburuzwa.

"Mikia," alisema. "Nimeifuata mpaka kwenye majani ya mfereji, nikaishia hapo."

Nilisikia mke wake kwa nyuma anauliza kitu. Mjomba akamjibu, kisha akarudi kwenye simu. Alisema mkewe anataka banda jipya la kuku, la kunyanyuliwa juu ya nguzo, lenye wavu wa chuma pande zote na mlango wa kufunga jioni, na kwamba kwa kuwa haya yote nimeyaanzisha mimi, wavu ninunue mimi.

Nikamuuliza mita ngapi.

"Ngoja nipime," alisema, nikasikia anatembea kwenye matope.